Posa na Wapanda Milima wa Baiskeli

Mwanangu wa kwanza na mume wa binti yangu walikaa siku tisa bila kusemezana kwa sababu ya Wazungu wawili waliopanda mlima kwa baiskeli. Wazungu wenyewe hawawajui. Hawajapata kufika Kilwa Kivinje, na mmoja wao, nilivyosikia, ameshazeeka hata hapandi tena. Nimeelezwa jambo hili mara nyingi, na kila nikielezwa nalielewa kidogo kuliko mara iliyopita. Naliandika hivyo hivyo nilivyoliona.

Mwanangu na mkwe wangu ni mafundi baiskeli. Karakana yao ni baraza ya nyumba yangu, na wameshirikiana miaka kumi na saba. Mwanangu ananyoosha rimu na kufunga spoki, mkwe wangu anaziba pancha na kushughulika na cheni na breki. Mimi nakaa chumbani, dirisha liko juu ya vichwa vyao, kwa hiyo nasikia kila kitu hata nisichokitaka. Simu ya mkwe wanaiegemeza kwenye kopo la grisi. Msimu wa mashindano ukifika, kila siku baada ya alasiri wanatazama watu wa Ulaya wakipanda milima, na kazi inakwenda polepole.

Siku ile ubishi ulianza kama siku zote.

“Yule wa zamani alipanda na baiskeli ya chuma,” alisema mwanangu. “Gia zenyewe chache. Huyu wako wa sasa mpe chuma kile, uone kama hatashuka akokote.”

“Shemeji, saa haidanganyi,” mkwe akamjibu. “Mlima ule ule, huyu kapanda upesi zaidi. Unataka nini tena?”

“Barabara ni ile ile? Mwenzio alipanda kwenye vumbi.”

“Vumbi! Basi angekuja hapa tumzibie pancha.”

Walikuwa wanacheka. Wateja waliosubiri baiskeli zao walicheka pia. Kisha mkwe akasema, “Na huyo wako anajulikana. Alikuwa anatumia dawa ili apande. Mwizi tu.”

“Mwizi?”

“Mwizi, eeh. Kaiba milima yote ile.”

Sikusikia nyundo tena. Nilipochungulia, mwanangu alikuwa anakusanya spana zake moja moja. Akazitia kwenye kikapu, akavuka barabara, akaenda kukaa chini ya bati la mashine ya kusaga. Akafungua kazi yake huko. Mteja mwenye rimu iliyopinda na pancha pia ikabidi avuke barabara mara mbili.

Jioni ile nilimwita.

“Nani kaiba?” nikamuuliza.

“Si mimi, mama.”

“Najua si wewe. Aliyeitwa mwizi nani?”

“Mpanda mlima.”

“Wa wapi?”

“Ulaya.”

“Ni nani kwako?”

“Si mtu kwangu. Lakini nimemsifu tangu nilipoanza ufundi, watu wote wanajua. Akimwita yeye mwizi mbele ya wateja, mimi ninayemsifu ni nani?”

Nikafikiri. Swali lenyewe sikuliona vizuri. Nikamwambia akale.

Ningemuuliza na mkwe upande wake, lakini siwezi. Sisi asili yetu ni Wamatumbi, na kwetu mama mkwe hasemezani na mume wa bintiye uso kwa uso. Anasalimu kwa mbali, “Shikamoo mama,” naitika, “Marahaba baba,” basi. Hali chakula mbele yangu, hakai mkeka mmoja nami. Nikiwa na neno naye namwambia binti yangu, hata kama mwenyewe kasimama hatua mbili kutoka hapo. Kwa hiyo nilisema, “Mwulize mumeo, dawa aliyokunywa yule mtu ni ya nini?” Binti yangu akageuka akauliza. Mkwe akaeleza mambo ya damu na sindano na mapafu. Binti yangu akanigeukia: “Anasema ya kupandia mlima.” Niliyopata ni hayo tu.

Ningeyaacha, watu wazima hao. Lakini Ijumaa mshenga alikuwa anakuja.

Mjukuu wangu wa kike, mtoto wa huyo huyo mkwe, alikuwa ameposwa na kijana wa Mchinga. Mara ya kwanza walipokuja kufuata jibu walitukuta na msiba, tukawarudisha. Hii ilikuwa mara ya pili, na watu hawaji mara ya tatu, wanaona wanadharauliwa. Kwetu baba peke yake hawezi kumtoa mtoto. Anayesema ndiyo ni mjomba. Baba akae pembeni yake kwenye mkeka, mjomba aseme, ndipo imesemwa. Na mjomba wa binti huyu ndiye yule aliyekuwa chini ya bati la mashine ya kusaga, anasema hakai mkeka mmoja na mtu aliyemwita mwizi.

“Hakukuita wewe,” nilimwambia.

“Mama, wewe huelewi.”

Hilo lilikuwa kweli. Mjukuu wangu aliacha kula. Alikaa na cherehani yake bila kushona, akisikiliza kama kuna sauti ya mjomba wake barazani.

Mimi nimezaliwa milimani, upande wa Kipatimu. Baiskeli ya mlimani naijua. Baba yangu alishuka na gunia la machungwa, akapanda na chumvi na samaki wakavu. Na kupanda kwenyewe, hakuna aliyekaa juu ya kiti. Unashuka, unashika usukani, mtoto anasukuma keria kwa nyuma, mnapumzika kwenye kila kona. Nilisukuma mimi. Sasa hawa wanapanda mikono mitupu. Nilimuuliza mwanangu, “Wanakwenda kufanya nini huko juu?”

“Kufika, mama.”

“Wakishafika?”

“Wanashuka upande wa pili.”

Nikaona nitazame kwa macho yangu, labda kuna kitu sijaambiwa. Alhamisi baada ya alasiri nikatoka chumbani, nikaja barazani. Nikamtuma binti yangu amwite kaka yake ng'ambo ya barabara. Alikuja kwa sababu mimi ni mama yake, akasimama amempa shemeji yake mgongo. Nikasema, nikiwa naangalia ukuta, “Mwambie mumeo awashe simu.” Binti yangu akaishika mbele ya macho yangu. Wanaume wale wakatazama kwa nyuma yetu, mmoja bega la kulia, mwingine la kushoto.

Niliona watu wembamba, miguu kama ya korongo, wanapanda barabara iliyojikunja. Watazamaji walikuwa wanakimbia pembeni wakiwapigia kelele masikioni. Mmoja alivaa fulana nyeupe yenye madoa mekundu. Mwanangu akasema ndiyo alama ya mpanda milima bora. Nikauliza kama bora kashajulikana na kavalishwa, nyinyi mnabishana nini? Wakazidi kuisogelea simu.

Kisha nikamwona mmoja anaachia wenzake wampite. Akarudi nyuma mpaka kwenye gari. Mtu wa garini akampa chupa za maji. Akazitia mgongoni ndani ya fulana, akazitia kifuani, shingoni, mpaka akawa na nundu. Halafu akapanda tena. Akawapita wale wote waliompita, akawafikia wenzake, akawagawia chupa moja moja. Alipomaliza miguu ikamwishia nguvu, akabaki nyuma, na picha haikumwonyesha tena.

“Ni huyu,” nikasema.

“Huyu nani, mama?” binti yangu akauliza.

“Aliye mkubwa wao. Wengine wamepanda mara moja. Huyu kapanda, karudi, kapanda tena na mzigo. Hamkumwona?”

“Mama, hapana!” Mkwe aliruka mbele, kichwa chake karibu na bega langu, kidole chenye grisi juu ya kioo. “Mama, huyo ni wa kubeba maji tu! Huyo hata akifika wa mwisho hakuna anayemuuliza! Tazama hapa, mama!”

“Huyo hahesabiwi kabisa!” mwanangu naye alisema papo hapo. “Mwonyeshe yule wa mbele, shemeji, rudisha nyuma kidogo...”

Binti yangu akaziba mdomo. Hapo ndipo mkwe alipojua amefanya nini. Akachuchumaa pale pale, macho chini, mikono kaificha mapajani. Mimi nikageukia ukuta. Miaka ishirini na kitu hatujapata kuambiana neno zaidi ya salamu, na neno la kwanza kaniambia hapana.

Mwanangu alimtazama. Niliona mabega yake yanatikisika, nikadhani ni hasira.

“Shemeji,” akasema, “umemkemea mama mkwe wako.”

“Nimeteleza.”

“Na kidole umemnyooshea.”

“Nimeteleza, shemeji. Nisamehe.”

“Kuku.”

“Nitaleta.”

“Tetea, tena mnono. Usiniletee yule jogoo wako wa kukohoa.”

Kwetu ndivyo ilivyo. Aliyemvunjia mama mkwe heshima analeta kuku, na anayempokea ni mtoto mkubwa wa kiume wa nyumba ile. Kuku anachinjwa, wawili hao wanamla sahani moja. Na mpaka wamemla, hakuna shauri jingine linaloruhusiwa kuwekwa kwenye mkeka wa nyumba. Ijumaa asubuhi kuku aliletwa. Wakala, nikawasikia wanagombania firigisi.

Majirani wanasema nilimtega mkwe kwa makusudi. Sikumtega mtu. Nilisema nilichokiona, na mpaka leo naona mwenye chupa ndiye aliyepanda zaidi, na hakuna aliyenieleza nikaelewa kwa nini hahesabiwi. Na lile neno mwizi sijui lilikwenda wapi. Hakuna aliyelifuta.

Baada ya swala mshenga alifika. Alikalishwa mkekani, baba na mjomba wamekaa bega kwa bega. Mimi nilisimama nyuma ya pazia. Mshenga alitoa salamu za Mchinga, akasema yake yote vizuri, akangoja jibu. Mwanangu badala ya kujibu akamwinamia shemeji yake sikioni. Nilisikia kwa sababu hajui kunong'ona.

“Wa zamani au wa sasa?”

Mshenga alikuwa anatazama dari. Mkwe alijikuna shingo, akavuta pumzi.

“Wa zamani,” akasema. “Kwa leo.”

Mwanangu akanyoosha mgongo. “Wasalimie Mchinga,” akamwambia mshenga. “Mtoto tumempa.”

Nikarudi jikoni. Mjukuu wangu alinishika mkono kwa nguvu mpaka ukaniuma.

“Bibi, mjomba kasema nini?”

“Kasema ndiyo.”

“Na baba?”

“Baba yako kasema wa zamani.”

“Maana yake nini, bibi?”

“Sijui, mjukuu wangu. Epua wali, wageni wana njaa.”