Mkuu Aliyelazwa Kifudifudi

Usiku ule Eduvigis hakuvua viatu. Mumewe Telesforo, fundi saa, aliitwa kwenye kambi ya jeshi saa tisa alasiri pamoja na sinia lake la sarafu, na sasa ilikuwa saa nne, mji mzima wa La Vega umefunga madirisha. Watoto aliwalaza na nguo zao za kanisani, wasije wakachukuliwa wakiwa wachafu.

"Kosa lake hasa ni nini?" aliuliza jirani yake Ninfa, aliyekuja kumliwaza na kummalizia kahawa.

Telesforo alikuwa akikusanya peso za fedha zenye uso wa Mkuu, zile za sherehe ya miaka ishirini na mitano ya utawala wake, ambazo tayari zilikuwa hazionekani ovyo. Sinia lilikuwa na saba. Sita zilitazama juu. Ya saba aliigeuza, kama wafanyavyo wakusanyaji, ili upande wa pili nao uonekane. Akaja mteja na saa isiyokuwa na ubovu wowote, akaangalia sana, akaenda kusema fundi amemlaza Mkuu kifudifudi.

"Na ile ya nane?" Ninfa alinong'ona.

Ya nane, iliyobaki nyumbani nje ya sinia, ilikuwa mkononi mwa Eduvigis, na hakuwa amepata pa kuificha. Kiatuni, ni kumkanyaga Mkuu. Chini ya godoro, ni kumlalia. Kwenye gunia la maharagwe, ni kumzika angali hai.

"Itie kifuani," Ninfa alisema. "Kwa anavyojulikana, hapo hatalalamika."

"Nyamaza, shoga! Utatumaliza!" Lakini akaitia.

Mara mlango ukapigwa teke. Pu! Pu! Wanaobisha hodi kwa mguu walijulikana. Ninfa aliingia chini ya meza na kikombe chake.

"Nani?"

"Mimi Telesforo! Fungua, mikono imejaa."

"Uko na nani?"

"Na koplo. Mtu mwema, amechoka tu."

Eduvigis alishika komeo, asilivute. Huenda wamemlazimisha aseme hivyo.

"Wamekuachia saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

"Kambi iko mtaa wa pili, Telesforo! Ulikuwa wapi?"

"Njiani! Nilimwambia kapteni, nikimlaza Mkuu uso juu, basi ngao ya taifa, yenye Biblia na msalaba, ndiyo inayolala kifudifudi. Akafikiri mpaka akavua kofia. Ameamuru zisimame wima, kwa ukingo, zote saba, na nizifikishe nyumbani hivyo hivyo. Ikianguka moja, tunarudi kuanzia kambini."

"Zimeanguka mara ngapi?"

"Mara tisa, mama," alijibu koplo, kwa sauti ya mtu anayekaribia kulia.

Eduvigis alivuta komeo, akabana pumzi, akaufungua mlango taratibu, taratibu, asije akaingiza upepo.