Kigugumizi cha Haitham, Kutoka Chokocho Hadi Shumba

Ujinga niliufanya kabla hata sijafunga begi: nilimpigia simu Bi Mize wa Shumba, ndugu yake bibi, ambaye hajapata kumsikia Haitham, nikamwambia ana kigugumizi. Hana. Haitham ni mtoto wa mama mkubwa, na anasoma Qur'ani kwa sauti ambayo ukiisikia unatamani kumtia kidole cha jicho. Bi Mize alitaka kitukuu mmoja wa kusoma kwenye hitima ya kumrehemu baba yake, Maalim Faki, na mama alishaamua: "Aende Haitham. Na wewe mfuate, ukajifunze."

Mimi nikajifunze!

Asubuhi, Chokocho. Mama akampigia pasi kanzu Haitham. Yangu niliivaa na mikunjo yake.

Mjini Chake tulibadili gari. Haitham akanikatia nusu ya mkate wake wa kumimina. Hata wema ananishinda!

Adhuhuri tukafika Shumba. Bi Mize alikuwa mlangoni.

"Shikamoo bi—" Haitham akaanza.

"Imefika, mwanangu, imefika. Usijitese."

Akapewa paja la kuku. Mimi mwenye ulimi mzima nikapewa shingo.

Baada ya kula, Bi Mize alituonyesha ubao mweusi uliopasuka, umeegemezwa ukutani kama mgonjwa.

"Wakati wa Mwingereza," alisema, "watoto wa chuo cha Qur'ani wakikariri tu, maana yake hawaijui. Baba akaleta ubao huu, akafundisha maana kwa Kiswahili, na hesabu, na sisi wasichana tumo. Maalim wa chuo cha pili akaona wivu. Akatangaza kuwa ukiutazama ubao wa Faki unatoka kwenye dini."

"Watoto wakakimbia?" niliuliza, kwa matumaini.

"Wazazi waliwatoa wote. Baba alilia, nilimuona. Lakini mtoto ukimwambia asitazame! Wakaanza kuchungulia dirishani, mmoja mmoja. Chuo kikajaa kuliko mwanzo."

Akacheka mpaka kanga ikamvuka kichwani. Mimi sikucheka.

Alasiri, hitima. Yasini nilipewa mimi, ndicho nilichokitaka tangu ile simu. Nikasoma vizuri, wallahi. Nani alinisikiliza? Watu wote walikuwa wanamtazama Haitham kwa huruma.

"Na wewe, baba, jaribu aya moja," Bi Mize akamwambia. "Tunakuombea."

Haitham akasoma. Wanawake wakalia. Mzee mmoja akasimama: "Allahu akbar! Ulimi umefunguka! Baraka za Maalim Faki hizi!" Wakamsomesha mpaka magharibi.

Kesho yake, ndani ya gari la kurudi, Haitham alipakata kibao cha kuwekea msahafu cha Maalim mwenyewe, zawadi ya Bi Mize. Karibu na Chake akaniinamia sikioni.

"Kumbe nilikuwa na kigugumizi?"

"Kidogo," nikamjibu.

Hakunisemea. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nikajifunza kwamba mimi na yule maalim wa chuo cha pili kazi yetu moja: kuwajazia watu wengine darasa.

Lakini Bi Mize alishapiga simu nyumbani kumpongeza mama kwa muujiza. Mama aliningoja mlangoni, pasi mkononi.

"Lete kanzu. Ijumaa utasoma wewe, mbele ya mji mzima, na nishawaambia wote kuwa kigugumizi huna."