Uzito Ambao Mama Aliuficha

Mdogo wangu wa mwisho alizaliwa milimani juu ya Nundu, wakati wa vita vya pili vya nchi yetu, mimba ikiwa haijafika mwezi wa nane. Tulikuwa tumeukimbia mji wetu, Baraka, na kwa majuma mengi mama alikuwa amekula mihogo mitupu. Mtoto alitoshea kwenye viganja vyangu viwili. Siku hiyo hakuna aliyempima. Tulikuwa na shangazi yetu na wembe, basi.

Alipimwa baadaye, tulipoteremka Swima, kando ya ziwa, kungoja mtumbwi wa injini utuvushe kwenda Tanzania. Mwanamke mmoja muuza ndagala alimchukua mikononi mwangu, akamlaza kwenye mizani yake ya samaki. Mshale haukufika kilo mbili.

"Mama, huyu hata sufuria hajazi!" alisema, na watu wakacheka.

Mama alimnyakua. Tangu siku hiyo, kila aliyekuja kumwona mtoto alipokezwa furushi. Mama alimfunga kwa vitenge vitatu, kimoja amekikunja chini ya mgongo, ili anayempokea ahisi uzito. Kwetu mtoto mwepesi huleta maneno: mama yake alivunja mwiko gani, nani alimtazama vibaya. Huko ng'ambo, kwenye kambi ya wakimbizi, bamama walimrudisha wakisema, "Iko muzito!" Nadhani baada ya miaka michache mama mwenyewe aliamini.

Mtoto alinenepa kweli. Mimi nilizurura: Kigoma, Kalemie, Uvira, tena Kigoma. Kila niliporudi Baraka, ambako mama na mtoto walirejea vita vilipotulia, nilimkuta amezidi kupanuka, anashona nguo karibu na soko, kicheko chake kinasikika kabla ya cherehani. Mama aliuonea fahari unene ule kuliko kitu kingine chochote.

Halafu kichwa kikaanza kumuuma. Kituo cha afya walipima shinikizo la damu, tansio tunavyoiita, wakaikuta juu. Siku nyingine, juu tena. Nyumbani wote walijua sababu: mawazo. Mchumba wake alikuwa amemwacha. Alikunywa vidonge mpaka kichwa kilipotulia, akaviacha.

"Nikimusamehe yule mwanaume, itashuka," aliniambia.

Safari iliyofuata nilimkuta anaamka uso umevimba. Niliwapeleka hospitali, yeye na mama. Daktari, mwanamke kijana, aliuliza mengi, kisha akauliza, "Alizaliwa na kilo ngapi?"

"Tatu na nusu," mama alijibu bila kusita.

"Mama," nikasema, "na Swima?"

"Swima nini? We ulikuwa mutoto, unajua nini?"

"Si mi ndiye nilikuwa namubeba?"

Daktari aliacha kuandika. Alieleza kwamba ndani ya figo kuna vichujio vidogo sana vya kusafisha damu, navyo hutengenezwa mtoto akiwa tumboni. Aliyezaliwa mapema na mdogo anaweza kuwa na vichache, na hivyo vichache haviongezeki hata akinenepa vipi. Mwili ukikua, vinabeba kazi ya vingi. Miaka ikipita vinachoka, tansio inapanda, hata kama moyo hauna huzuni. Haiwi hivyo kwa kila mtoto mdogo. "Lakini kama alikuwa mdogo, sitaki kungoja. Nitapima figo leo."

"Kwa hiyo ni mi nilimuzaa na ugonjwa," mama alisema.

"Hapana, mama. Ulikuwa na njaa, na ulikuwa unakimbia."

Mama akaacha kubisha. "Haikufika mbili, docta. Na hapo alikuwa ameshanyonya majuma matatu."

Mkojo ulionyesha protini, dalili kwamba vichujio vimeanza kuchoka, lakini figo zilikuwa bado zinafanya kazi. Vidonge kila siku, hata kichwa kisipouma. Chumvi kidogo sana, samaki wa chumvi asiwaguse. Kupimwa kila mwezi.

"Na yule mwanaume?" mdogo wangu aliuliza.

"Huyo sina dawa yake," alisema daktari.

Tulirudi kwa miguu. Karibu na soko mdogo wangu akauliza, "Mama, nilikuwa kadogo namna gani?"

"Ulikuwa unalia kama katoto ka paka. Ukinyamaza, nilikuwa nakufinya ulie, nijue bado uko."

"Ulikuwa unanifinya!"

"Usiku muzima."

Mdogo wangu alicheka, akasimama, akanunua maji kwa mwanamke wa kando ya barabara. Akameza kidonge cha kwanza cha yule daktari pale pale, mama amemshikia mkoba.