Safu Yangu kwenye Bawa la Ndege

Nakumbuka mchana mmoja, Zaituni mwanangu, jua limewaka juu ya mabati ya banda la ndege pale Nguvumali, na Mzee Kombo ameinamia bawa na sindano yake ndefu. Ndege yenyewe ni hii hii unayoishughulikia leo. Ilitengenezwa kwa ajili ya jeshi, viti viwili, mwalimu mbele na mwanafunzi nyuma, na vijana wa vita walijifunzia humo kuruka kabla ya kupewa ndege za kupigana. Vita vilipokwisha ikauzwa, ikaangukia mikononi mwa mwenye shamba la mkonge, naye akaileta Tanga. Mbavu zake mbao, ngozi yake kitambaa. Watu wakisikia kuwa ndege inavalishwa nguo hucheka, lakini wewe umeshaishona, hucheki tena.

Kitambaa kilipochakaa, akaitwa Mzee Kombo. Huyu alikuwa Mpemba, fundi magodoro wa Chumbageni, na anayejua kushona godoro hashindwi na bawa. Sindano inazama upande huu, mwenzako anaipokea upande wa pili, anairudisha, mnafunga fundo, mnasogea mbele. Mimi nilikuwa msichana wa kushona kofia za vito, zile za kudarizi kwa mkono, akanichukua kwa sababu ya wepesi wa mkono wangu. Nilikuwa najisikia, usiulize.

Basi siku hiyo nikapitisha kidole kwenye safu aliyoishona yeye mwenyewe, nikakuta mafundo yamelegea. Macho ya mzee yalikuwa yameanza kuingia ukungu, nasi sote tulijua. Wanafunzi wenzangu walikuwa wameiona safu ile tangu asubuhi, hakuna aliyefungua kinywa. Nilipowanong'oneza wakanikata jicho, na mmoja akanikumbusha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kweli, lakini mkuu mwenyewe alikuwa hajasema lolote! Na jioni ile bawa lilikuwa lipakwe rangi ya kukaza kitambaa. Ikishakauka, safu ile haionekani tena, na anayepanda ni kijana wa Kibondei aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kurusha. Mama yake alikuwa akiuza maandazi pale pale nje ya uwanja.

Sasa utamwambiaje mzee wa watu kwamba amekosea? Si katika pwani hii. Nikangoja wenzangu watoke kwenda kunawa, nikamsogelea, nikamwamkia upya kana kwamba sikuwa nimemwamkia asubuhi, nikamwomba anionyeshe vizuri namna ya kukaza fundo. Nikaushika mkono wake, nikauweka juu ya safu. Kidole chake kikaenda taratibu, fundo kwa fundo, kisha kikasimama. Nikajua leo narudishwa kwenye kofia zangu.

Akawaita wote. Hakufoka, hakuwa mtu wa kufoka.

"Mmenistahi mimi," alisema. "Na huyu kijana anayepanda, yeye mmemstahi kwa lipi?"

Kisha akanigeukia na mimi, nikapata fungu langu. Alisema nimefanya vyema kumtunzia heshima yake, ila siku nyingine nisingoje watu watoke, maana nikingoja sana rangi itanitangulia. Safu ikafumuliwa yote, tukaishona upya, na mzee akavuta kigoda akakaa akitupakia nta kwenye uzi. Tangu siku hiyo ndiyo ikawa kazi yake, na aliifanya huku akiimba. Kijana wa watu alipanda, akashuka salama. Mama yake akatuletea sinia zima la maandazi, na Mzee Kombo ndiye aliyekula mengi kuliko sote.

Nije kwako sasa. Ndege ililala bandani miaka na miaka, popo wakazaliana humo, hadi mjukuu wa yule mwenye shamba alipotia nia ya kuifufua, akaja kunibishia hodi. Nimefurahi, mwanangu, sifichi. Harufu ya ile rangi imenirudishia usichana wangu. Na nyinyi wanafunzi wangu mna adabu, shikamoo zenu zinanichosha kuitikia. Ila jana nilikuona. Ulipita kwenye safu niliyoshona mimi, ukaigusa, ukasimama, ukarudi kuigusa tena. Kisha ukanitazama, ukaniuliza kama nitakunywa chai. Chai! Nikanywa, na ilikuwa nzuri, ya tangawizi. Ulipoondoka nikapitisha kidole changu. Nilicheka peke yangu, machozi yakanilenga, nikacheka tena.

Leo mchana bawa linapakwa rangi, na rubani anayekuja kuirusha naye ana mama.

Basi nisikilize, mwanangu. Ukiona kosa la mkubwa wako, mtafutie maneno mazuri, mtafutie faragha, mshike mkono ikibidi, lakini mwambie mapema, kabla rangi haijafunika. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo tunavyosema, lakini huku kwetu kwenye ndege ufa hauishii kwenye ukuta, unaishia kaburini. Adabu inayomwacha mtu aanguke haimfai mzee wala kijana. Nawe utakapozeeka, maana utazeeka, inshallah, uwazoeshe walio chini yako kukuambia, wasije wakakupikia chai.

Sasa chukua mkasi mdogo uifumue safu yangu yote, usiniachie hata fundo moja la kunibembeleza. Uishone wewe. Mungu aubariki mkono wako, akudumishie nuru ya macho, akupe na watoto watakaokuambia kweli bila kukuvunjia heshima. Kigoda changu kisogeze karibu na bawa. Nta nitapaka mimi.