Bila Wifi Haiwaki

Bi Pima alikuwa fundi cherehani asiyehitaji futi. Ulipoingia kwake alikuzungusha kwa macho mara moja tu, kiuno chako kikawa kimeshajulikana, pamoja na kile ulichokuwa ukikificha kwa kuzuia pumzi. Ndiyo maana akapewa jina hilo. Lakini mtu akipewa jina kwa sababu ya macho yake, na aombe macho hayo yasimwangushe, maana jina halina likizo.

Macho yalikuwa yamekwisha kumwangusha. Si kwa vitu vya mbali, la. Mtu aliyepita ng'ambo ya barabara alimwona mpaka kifungo kilicholegea. Ni vya karibu vilivyomponyoka, na tundu la sindano lilikuwa limegeuka adui yake mkubwa. Alilamba uzi, akaunyoosha, akafumba jicho moja, akalenga, na uzi ukapita pembeni kama mgeni aliyeelekezwa nyumba siyo. Mteja akitokea, alisingizia upepo. Miwani hakutaka hata kuisikia. Fundi akionekana na miwani watu wataanza kuikagua mishono yake, na mishono ya Bi Pima ilikuwa haijawahi kukaguliwa na mtu. Siri hiyo hakumwambia yeyote, hata mumewe.

Kibaraza chake cha kazi kilitazama ua wa nyuma, na ua huo ulipakana na wa wifi yake, dada wa mumewe. Kwenye ukuta wa katikati palikuwa na mlango mdogo, uliotobolewa na mama mkwe enzi za uhai wake ili binti yake na mkwewe waazimane chumvi bila kuzunguka barabarani. Marehemu alifikiria chumvi, hakufikiria mkasi. Mkasi wake wa chuma, mzito, ambao kitambaa kiliutii chenyewe, aliuacha bila kusema ni wa nani. Binti akasema ni wake kwa kuwa ulikuwa wa mama yake. Mkwe akasema ni wake kwa kuwa yeye ndiye anayeshona. Mwenzake ni mwalimu mstaafu wa darasa la kwanza, atakatia nini, chaki? Neno hilo la chaki ndilo lililoharibu kila kitu. Tangu hapo mawifi hao wakawa wanasalimiana kwa kukohoa.

Majuzi Bi Pima akaanza kuona dalili. Akitoka kwenda dukani, akirudi anakuta kimto cha sindano kimehamia kushoto, na kigoda kimesogea.

"Anautafuta mkasi," alijiambia, na mkasi ukaanza kulala chini ya mto wake na kutembea ndani ya mkoba wake. Kitu kimoja tu kilimfurahisha siku hizo: mara nyingi sindano alizikuta zimeshatungwa uzi, mweusi, mweupe, mwekundu. Alidhani amezitunga mwenyewe jana yake akasahau. "Kumbe jana nilikuwa mtu wa maana," alijisifu.

Mumewe alikuwa dereva wa lori, mtu wa safari ndefu, na katika ugomvi ule alikuwa na msimamo mmoja usiobadilika. "Mimi ni mume wa mmoja na kaka wa mwingine," alisema kila alipopigiwa simu. "Sina upande, nina barabara." Malalamiko yalipozidi, akanunua kamera ya ulinzi, nyeupe, isiyotumia waya, inayoenea kiganjani, akaituma nyumbani.

Wa kuifunga aliitwa fundi simu wa mtaani, mtu mzima mwenye kitambi na upole, ambaye watu walimwita Chaji. Aliichaji, akaiweka mezani, akaweka programu yake kwenye simu ya Bi Pima na kuiunganisha na ya mumewe, Dereva, kisha akaielekezea kamera picha ya mraba yenye madoadoa. Kamera ikalia, taa yake ikawa nyekundu, inapepesa.

"Sasa mama, kilichobaki ni wifi."

"Wifi kaingiaje hapa?"

"Wifi ya intaneti, mama."

Bi Pima aliijua wifi ya intaneti, hakuwa mshamba. Balaa ni kwamba upande ule mzima wa mtaa mwenye wifi alikuwa mmoja tu, naye ni wifi. Mwalimu alikuwa amefungiwa intaneti ili azungumze na wajukuu wake walio mbali. Chaji alitafuta, akazunguka ua mzima na simu mkononi, na jina lililotokea lilikuwa lile lile moja: MWALIMU.

"Yaani nikitaka kumkamata mwizi, kwanza nimwombe mwizi anisaidie?"

"Bila wifi haiwaki, mama."

Ikabidi Chaji awe balozi. Alipita kwenye mlango mdogo na uongo aliofundishwa, kwamba Bi Pima anataka kutazama mitindo mipya ya magauni. Bi Pima alibandika sikio ukutani.

"Atumie tu," sauti ya Mwalimu ilisema. "Mtu hanyimwi maarifa."

Chaji alirudi akikuna kisogo. "Neno la siri nimepewa. Ila sijui kama utalipenda."

"Lisome."

"Mkasi ni wangu. Herufi ndogo zote, bila nafasi."

Bi Pima alimtazama Chaji akianza kukusanya bisibisi zake. Kisha akacheka kicheko cha mtu aliyeona mwanya.

"Na simu inayoandikiwa ni ya nani?"

"Yako, mama."

"Basi ni wangu. Andika!"

Chaji akaandika mkasi ni wangu, taa ikatulia, ikawa ya bluu. Bi Pima akatoboa kopo la zamani la vifungo, akaificha kamera humo, akaliweka rafuni katikati ya rili za uzi.

Kamera yenyewe ilikuwa na bidii kuliko akili. Mjusi akipita, simu inalia: Mtu ameonekana. Bi Pima akiketi kushona, simu inampa taarifa kwamba Bi Pima ameketi. Siku moja Dereva alipiga simu akihema, ameegesha lori kando ya njia.

"Mama watoto, usitoke ndani! Kibarazani kuna mtu, na hana kichwa!"

"Ni sanamu ya kupimia nguo, baba. Nimeivika gauni la bibi harusi."

"Aa," alisema Dereva. "Limempendeza."

Hata hivyo, siku ya siku ikafika. Bi Pima alikuwa kwenye duka la vitambaa akichagua bitana wakati simu ilipolia. Mtu ameonekana. Akafungua, akaona ukungu, na ndani ya ukungu kitu cha njano kinachosogea. Akanyoosha mkono kuisogeza simu mbali, akaendelea kunyoosha, mpaka simu ikamgusa muuzaji kidevuni.

"Hebu nitazamie, mwanangu. Kioo cha simu hii kimechakaa."

Muuzaji akaichukua. Kioo kilikuwa kizima kabisa, lakini alikuwa mtu mwenye adabu. "Ni mama mmoja, amefunga kilemba cha njano."

"Ndiye huyo! Anapekua?"

"Hapekui. Ameketi kwenye kigoda. Amechukua sindano."

"Sindano! Mchawi mkubwa huyo! Nilijua! Leo ndio leo, asemaye kesho ni mwongo!"

Wateja wawili wakaacha vitambaa vyao wakasogea. Bure ghali, lakini sinema hii ilikuwa ya bure kweli.

"Ameshika uzi," muuzaji aliendelea. "Ametunga. Ameichoma kwenye kimto. Amechukua nyingine." Akaisogeza simu karibu na uso. "Mweusi huo. Sasa mweupe. Mama, mbona huyu anakutungia sindano?"

Bi Pima akaiweka bitana mezani. Aliziona sindano za juzi, na za wiki iliyopita, na yule mtu wa maana aliyekuwa akijisifia. Hakuwa yeye.

"Amesimama," muuzaji alisema. "Anatazama huku. Anazungumza."

Kidole gumba cha muuzaji kilikuwa kimekaa juu ya alama ya kipaza sauti, ile inayopeleka maneno mpaka kwenye kamera, na kilikuwa hapo tangu kabla ya neno mchawi. Sauti ya Mwalimu ikatoka kwenye simu, kubwa, mbele ya duka zima.

"Nani ananiita mchawi? Wifi? Umeingiaje kwenye kopo?"

"Sijaingia kwenye kopo, niko dukani! Wewe unafanya nini kwangu?"

"Nafanya unachoshindwa! Kila asubuhi nakuona kutoka dirishani mwangu unatunga uzi hewani. Maisha yangu yote nimefundisha watoto kushika kalamu, siwezi kukaa namtazama mtu anakosea pale pale kila siku! Na kukwambia siwezi, maana hatusemezani!"

Mmoja wa wale wateja, ambaye gauni la binti yake ndilo lililokuwa limevikwa sanamu, akauliza polepole, "Mama, kwani huoni?"

Ndilo swali alilolikimbia muda wote huo. Bi Pima alichukua bitana yake akatoka bila kujibu.

Nyumbani alikuta kibaraza kitupu. Sindano zilisimama kwenye kimto, kila moja na mkia wake wa uzi, hata ile nyembamba ya hariri aliyokuwa ameshaikatia tamaa. Kwenye kopo, taa ilikuwa nyekundu. Mwalimu alikuwa amebadilisha neno la siri.

Angeweza kuiacha kamera ife. Mwizi alishapatikana, au hakuwapo. Lakini alisimama, akaufikia mlango mdogo, akausukuma akitegemea utalia kwa kutu, ukafunguka kimya. Bawaba zilikuwa zimepakwa mafuta.

"Hodi."

"Karibu," Mwalimu alisema kutoka mezani kwake, miwani puani, bila kuinua kichwa. "Umefuata nini? Kopo halioni?"

"Nimefuata neno la siri."

Mwalimu akaandika kitu kwenye simu yake, akamkabidhi. "Soma."

Bi Pima akaipokea. Akaisogeza mbali. Akanyoosha kiwiko, akanyoosha vidole, akarudisha na kichwa nyuma. Ukungu ukabaki ukungu. Alifikiria kusema kioo kimechakaa. Alifikiria upepo, ingawa walikuwa ndani na dirisha limefungwa.

"Mkono wangu umekwisha, wifi," alisema. "Sioni. Nisomee."

Mwalimu aliichukua simu taratibu, kama anavyopokea daftari la mtoto aliyelia.

"Mkasi ni wetu," akasoma.

"Wetu?"

"Wetu. Herufi ndogo zote, bila nafasi."

Bi Pima alicheka, na alipogundua kwamba analia, akaendelea kucheka ili mambo yasionekane mengi. Akafungua mkoba, akautoa mkasi, akauweka mezani katikati yao. Mwalimu alipitisha kidole kwenye mpini, pale palipolika kwa kidole gumba cha mama yake.

"Kesho tunakwenda kupima macho," alisema.

"Watu wataniona na miwani."

"Wamekuona bila miwani ukiwashonea mikono ya kushoto miwili. Afadhali ipi?"

"Nani kasema?"

"Mtaa mzima unasema. Wanakuogopa tu."

Jioni hiyo waliketi pamoja kibarazani, Mwalimu akitunga uzi na Bi Pima akikata bitana kwa mkasi wa watu wawili, na kila mmoja akimkosoa mwenzake kwa sauti ambayo ilikuwa imewekwa akiba muda mrefu. Taa ya kopo ilikuwa imerudi bluu. Ghafla kopo likaguta kwa sauti ya Dereva, na nyuma yake injini ya lori ikinguruma.

"Mama watoto! Simu inasema watu wawili wameonekana!"

"Ni mimi," alisema Bi Pima.

"Na mimi," alisema Mwalimu.

Injini ikazimwa. Huko barabarani Dereva akashusha sauti.

"Dada na wewe, mmekaa pamoja? Basi msinifiche, mimi ni mwanamume, niambieni tu. Nani amekufa?"