Rimu za Mzee Anania

Tupokigwe alimjua baba mkwe wake kwa kikohozi na kwa viatu. Tangu aolewe na Filemoni na kuletwa Ilomba, mjini Mbeya, hakuwahi kumtazama Mzee Anania usoni, wala hakutakiwa. Kwao Wanyakyusa mkaza mwana humkwepa baba wa mumewe. Hasemi naye, hapishani naye njiani, na mzee akikaribia uani hukohoa kwanza ili mtoto wa watu awahi kujificha jikoni. Pale mjini wengine walishaanza kulegeza kamba. Mzee Anania alegeze? Thubutu! Alikuwa mzee wa kanisa, lakini kwa hilo hakuwa na mjadala.

Basi Tupokigwe aliishi macho chini, na mtu wa macho chini huyajua sana magurudumu. Kila Jumamosi, mzee akiwa hayupo, ndiye aliyeisugua ile Datsun yake ndogo kwa maji na sabuni. Kwenye kila nati ncha ya boliti ilichungulia nje kidogo, na matope ya Mbeya yalipenda kuganda hapohapo. Aliyachokonoa kwa kijiti.

Sasa mzee akaingiwa na tamaa. Kule Mbalizi alikuwapo Saulo, muuza vipuri vilivyokwisha tumika, na Saulo alipata rimu nne za magurudumu, za aluminiamu, zilizotoka kwenye gari la mashindano lililopinduka. Zilivyong'aa, we acha tu! Harusi ya mpwa wake ilikuwa inakaribia, Ipogolo, Iringa, na mzee alitaka Wahehe wamwone anavyoingia. Wala hakununua kijinga, tumpe haki yake. Alichora matundu ya rimu ya zamani kwenye kadibodi, akayatoboa, akaenda nayo Mbalizi. Ilipowekwa juu ya rimu mpya, tundu likaangukia tundu. La katikati nalo likakubali. Aliporudi nyumbani akazifunga, akakata usukani kulia na kushoto asikie kama tairi linakwaruza madigadi. Kimya. Filemoni alimsimulia mkewe yote hayo huku akitabasamu.

"Na nati?" Tupokigwe aliuliza.

"Nati ni zilezile za zamani. Za rimu hizi zilipotea kwenye ajali."

Asubuhi ya safari Tupokigwe alichukua ndoo na kitambaa akaenda kufuta vumbi. Akatafuta ncha ya boliti. Hakuna. Akatazama nati ya pili, ya tatu, hakuna. Akaingiza kidole kidogo ndani ya nati, kikazama, kikazama, ndipo kikagusa chuma. Loo! Rimu ya zamani ilikuwa bati jembamba. Hii ya aluminiamu ilikuwa nene, imeumeza urefu wote wa boliti, na nati ilikuwa inang'ang'ania nchani tu. Na pale inapokaa palikuwa na unga mweupe wa aluminiamu, maana yake nati ilishaanza kucheza, na gari lilikuwa limekwenda kanisani na kurudi tu.

Kwenye gari hilo angepanda Filemoni, na angepanda Matilda, binti yao, ambaye hata kutembea hajaanza. Yeye angefuata kwa basi, kwa sababu hawezi kuketi gari moja na baba mkwe. Akaiona ile barabara ya Iringa, miteremko yake, na malori ya mafuta ya Zambia yanavyoshuka bila huruma.

Akamkimbilia mumewe chumbani.

"Mke wangu, nimwambie baba kwamba mkaza mwana wake amelikagua gari lake?" Filemoni alicheka. "Kadibodi ilienea. Acha uoga."

"Basi niachie mtoto."

"Babu mtu anataka kumwonyesha mjukuu wake. Nimnyime?"

Angekuwapo mama mkwe angemfikishia mzee ujumbe, lakini ametangulia Iringa na akina mama wenzake kupika. Hapo ndipo hofu ya pili ilipoikuta ya kwanza. Tangu usichana Tupokigwe aliambiwa na shangazi zake kwamba mwanamke anayemvunjia baba mkwe mwiko huharibu mimba. Naye alikuwa na mimba changa, hata Filemoni hajaambiwa. Afanyeje, jamani? Akinyamaza atawapoteza wawili. Akisema, huenda akampoteza wa tumboni.

Kikohozi kikasikika uani. Miguu ikamkimbiza jikoni yenyewe, kwa mazoea. Kwenye upenyo wa mlango akaviona viatu vyeusi vikiingia garini. Akamsikia Matilda akicheka mapajani kwa baba yake. Injini ikawaka.

Gari lilipoanza kusogea, Tupokigwe alitoka mbio, kanga imefunika kichwa chote, akaketi chini katikati ya njia, mgongo kwa gari. Breki zikalia nyuma yake.

"Una wazimu wewe?" Filemoni alipiga kelele.

Hakumjibu. Aliongea na ukuta wa jirani uliokuwa mbele yake, kwa sauti ya kilio. "Nati hazijashika! Boliti ni fupi kwa rimu hizo! Mtu aingize kidole aone!"

Mlango ukafunguka. Viatu vikatembea, na safari hii hakukuwa na kikohozi. Akafumba macho, akalibana tumbo kwa mikono miwili akisubiri liume. Akasikia mzee anachuchumaa kwenye gurudumu la mbele. Kisha nati ikaanguka kwenye changarawe. Ikafuata ya pili. Zilifunguka kwa vidole tu, maana spana ilikuwa bado imo ndani ya buti la gari.

Filemoni naye alishuka. Alisimama tu na mtoto begani.

"Matilda," mzee akaita, na sauti yake haikuwa ile ya kanisani. "Matilda, mjukuu wangu, mwambie mama yako babu ameogopa sana."

Matilda hakuwa anajua kusema hata neno moja. Tupokigwe hakugeuka. Aliivuta kanga ikamfunika vizuri.

"Matilda," alisema, "mwambie babu, hata mimi."