Umeme Ukiwepo, Kimbiza Mashine

Naikumbuka vizuri, mwanangu, ile siku mimi na kaka yangu Déo tulipokaribia kupigana ngumi hapa hapa mtaani kwetu Ibanda kwa sababu ya kompyuta. Tulikuwa tunatengeneza video ya ndoa ya jirani. Babu yake bibi harusi alikuwa mgonjwa sana kule mtaa wa Kasha, hakuweza kufika kanisani, na familia ilituomba tufanye hima aione kabla hajafa.

Déo, eh, kijana yule hakujua kungoja! Aliikimbiza prosesa, ile akili ya mashine, kupita kipimo ilichopewa kiwandani. Umeme wa mjini ulipokuwepo, kazi ilienda mbio kweli. Ulipokatika tukabaki na betri za nyumba, na mashine ikazinyonya mpaka ikazimika, kazi ikapotea. Ngoma ikivuma sana hupasuka. Mimi kwa hasira nikaibana mashine ifanye kazi polepole isile umeme mwingi, umeme wa mjini uwepo usiwepo. Basi mashine ikatambaa, nami nikajisifu kwamba betri haziishi. Kumbe kule Kasha aliyekuwa anaishiwa siku ni yule muzee, babu yake bibi harusi.

Maman alitusikia tukibishana, akaja akasimama mlangoni. Wala hakugomba.

"Ule muzee iko anangojea kule Kasha," akasema, "na ninyi munapigania mashine?"

Niliona haya, wee. Tukakaa, tukapatana: umeme wa mjini ukiwepo, Déo aikimbize, lakini achunge mashine isipate joto sana; ukikatika, mimi niibane, na tuhifadhi kazi kila mara. Video ikaisha. Tuliipeleka sisi wenyewe. Muzee alimwona mjukuu wake akitoka kanisani, akaomba turudishe video hapo, tena na tena, akilia na kucheka. Alifariki juma lile lile.

Mwanangu, najua unapenda mashine yako iruke. Sikukatazi, hata mimi nilikuwa kijana. Ila ujue unakula umeme wa nani, na nani anakungojea. Anayekimbia daima huimaliza betri ya nyumba nzima, na anayebana daima, basi, ngoja ngoja huumiza matumbo. Kimbia nguvu ikiwepo, punguza ikiwa haba, na umsikilize ndugu yako hata akikuudhi.

Mungu asikunyime mwanga nyumbani mwako, na yule anayekungojea umkute angali hai.